Barua Zilizokuja kwa Jina la Mama

Mama alikufa tarehe tisa Agosti, Jumatano, saa nne asubuhi, na barua zake hazikukoma. Za benki zilikoma. Za daktari wa meno zilikoma. Hata lile duka la mbegu lililomtumia kitabu cha maua kila msimu liliacha, baba alipolipigia simu na kusema, kwa sauti ya mtu anayeagiza nati, kwamba mteja wao hayupo tena. Wexcombe peke yao ndio walioendelea.

Wexcombe ndiko mama alikosoma, darasa la waliohitimu mwaka wa tisini na tatu, na chuo kile hakimwachi mtu wake hivi hivi. Kila wiki kulikuwa na kitu: jarida lenye picha ya mnara wa saa, mwaliko wa chakula cha jioni Boston, kadi ya kumjulisha kwamba timu ya makasia imeshinda. Zote kwa jina la Judith Pell Halloran, na mwaka wake umebandikwa mwishoni kama cheo. Baba alizitoa kwenye sanduku la barua mbele ya nyumba, akaziweka kwenye kaunta ya jikoni kando ya mashine ya kuchomea mkate, akazisawazisha kingo. Hakuzifungua. Wala hakuwapigia.

"Utawaambia lini?" nilimuuliza Septemba.

"Kesho."

Baba ni fundi wa boila, ile mitambo ya kupasha nyumba joto, na mji mzima unajua kwamba Desmond Halloran akisema kesho ni kesho. Hii ya Wexcombe ilikuwa kesho ya aina nyingine. Sikumwuliza tena.

Tulikuwa tunakula chakula cha msiba. Kwetu mtu akifa majirani hawana maneno mengi, wana trei: tambi za kuoka, viazi vya jibini, kuku wa krimu, kila moja na utepe wa karatasi wenye jina la mwenyewe ili trei irudishwe. Friza ilijaa mpaka mlango ukafungwa kwa kamba. Jioni baba alifungua, akasoma utepe, akauliza, "Leo tumle nani? Familia ya Kowalczyk au Bi. Duquette?" Nami nilijibu yeyote, kwa sababu wote walikuwa na ladha moja. Watu waliniuliza naendeleaje. Niliendelea vizuri. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya. Upo, unauona, ukiugusa husikii.

Mwalimu Petrakis, mshauri wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika shule yetu, aliniita ofisini kwake katikati ya Oktoba. Ni mtu mfupi mwenye sweta moja kwa kila siku ya juma, hivyo najua ilikuwa Jumanne.

"Orodha yako ya vyuo iko wapi, Win?"

"Sina."

"Kila mtu anayo. Mwenzako Xiomara ana vyuo kumi na kimoja, na amevipanga kwa rangi."

"Mama alikuwa na kimoja."

"Wexcombe."

"Wexcombe."

Aliinuka akafunga mlango, ingawa ukumbi ulikuwa mtupu.

"Nitakwambia jambo ambalo halimo kwenye vijitabu vyao, na ukinitaja nitasema hatujuani. Mtoto wa mhitimu akiomba mapema, yaani mpaka Novemba mosi, faili lake linasomwa kwa jicho la ndugu. Akisubiri mpaka Januari, jicho hilo linafumbwa. Anakuwa mtu wa foleni kama wengine, na foleni ya mwaka jana ilikuwa na watu elfu tisa."

"Kwa nini mapema tu?"

"Kwa sababu wa mapema anafungwa. Unatia saini wewe, anatia saini mzazi, natia saini mimi: ukikubaliwa unakwenda, na kwingine kote unajitoa. Hakuna kuchungulia duka la jirani. Wale wanapenda kupendwa peke yao."

"Na mhitimu akiwa amekufa?"

Petrakis alivua miwani akaifuta kwa sweta ya Jumanne.

"Sijui," alisema. "Miaka kumi na tisa nipo hapa. Hilo sijawahi kuulizwa."

Fomu yenyewe ilikuwa imeshaanza. Mtandao wa maombi hufunguliwa Agosti mosi, na siku hiyo mama alikuwa amelala kwenye kochi sebuleni na blanketi mbili, jua la nje likichoma lami. Juni alikuwa ametembea kwenye gwaride la wahitimu, miaka thelathini tangu darasa lake lihitimu, amevaa kofia ya njano juu ya kichwa kisicho na nywele, na mimi nyuma yake nimebeba kiti cha kukunja endapo angechoka. Hakuchoka, au alikataa kuonyesha. Sasa alisikia nabofyabofya kompyuta akauliza ni nini. Nikamwambia ni ukurasa wa familia.

"Lete hapa. Hiyo ni sehemu yangu."

Aliandika mwenyewe kwa vidole viwili. Jina. Chuo. Mwaka wa kuhitimu, ambao aliuandika kwa majivuno ya wazi kabisa. Halafu akafika kwenye swali: Mzazi wa kwanza, yu hai? Akacheka mpaka akakohoa, nikamletea maji.

"Bado nipo," alisema, akabonyeza Ndiyo.

Zilikuwa zimebaki siku nane.

Jumamosi mimi na Xiomara tulifanya kazi kwenye shamba la matufaa la Bi. Duquette, kibanda cha maandazi. Watu wanakuja kutoka mijini kuchuma matufaa ambayo wangeyanunua kwa nusu ya bei dukani, halafu wanapanga mstari kula maandazi ya moto yaliyokandwa kwa maji ya matufaa. Mimi nilikaanga, Xiomara alivingirisha kwenye sukari. Tumekuwa marafiki tangu darasa la tatu, aliponing'oa jino lililokuwa linalegea bila kuniomba ruhusa.

Wakati wa mapumziko alinyakua simu yangu aone fomu imefikia wapi. Hana adabu na vitu vyangu, nami sina na vyake.

"Win."

"Nini?"

"Hapa wamekuuliza kama mzazi wa kwanza yu hai. Umejibu ndiyo."

"Sikujibu mimi. Alijibu mwenyewe."

Nikamsimulia. Mafuta yalichemka nyuma yetu. Xiomara alilia kwenye maziko kuliko mimi. Mimi sikulia kabisa, na shangazi mmoja alinisifu kwa ushujaa.

"Sawa," alisema. "Alijibu Agosti mosi. Leo ni Oktoba ishirini na moja. Badilisha."

"Nitabadilisha."

"Sasa hivi. Ni kidole kimoja."

"Mikono ina mafuta."

"Yangu ina sukari. Nitabadilisha mimi."

Nilimpokonya simu. Nilimpokonya kwa nguvu mpaka trei moja ya maandazi ikaenda chini, na mbwa wa mteja akafurahi.

"Aa! Kumbe!" alisema Xiomara. "Kumbe ndiyo hivyo. Petrakis amekwambia nini?"

"Hajaniambia kitu."

"Amekwambia uombe mapema kwa jina la mama. Usinidanganye, unapodanganya unatazama viatu. Na unafikiri akiwa maiti jina lake litakuwa halina uzito."

"Sijafikiri chochote."

"Wewe hujui hata unataka kusoma nini!"

"Sijui."

"Mimi najua. Ile darubini yao kubwa kule mlimani naijua mpaka kipenyo cha kioo chake. Nimeiota tangu nina miaka kumi na mbili. Na siwezi kuomba mapema, unajua kwa nini? Mama yangu anaogesha wazee wa watu, Win. Nikifungwa na chuo kimoja, kikanipa msaada wa ada wa kijiko kimoja, nitafanya nini? Lazima barua zote ziwe mezani nichague ya huruma zaidi. Kwa hiyo mimi ni Januari, foleni ya elfu tisa, majibu Machi. Wewe ni mlango wa nyuma, na umemfufua mama yako akusukumie."

Bi. Duquette alitokeza kichwa akauliza kama tunakaanga au tunahutubia. Tulirudi kazini. Neno lile lilikuwa la kuua, nililijua lilipotoka, na nilingoja liniume. Haliku­niuma. Niligeuza maandazi, upande wa kwanza, upande wa pili, na saa kumi tukaenda nyumbani bila kuagana.

Sitajidai mtakatifu. Nililiwaza lile alilosema. Usiku na mchana niliwaza kwamba pengine marehemu hahesabiki, na kwamba wakiona Hapana watanitumia salamu za pole na kunirudisha mwisho wa foleni. Lakini pia kila nilipofungua ukurasa ule na kupeleka kidole kwenye Hapana, nilisikia anacheka na kukohoa. Sababu zote mbili zilikuwepo. Ipi ilikuwa kubwa, sijui mpaka leo.

Tarehe thelathini na moja Oktoba, siku moja kabla ya mwisho, nilimwita baba jikoni atie saini. Ilikuwa jioni ile ambayo watoto wanavaa mavazi ya mizimu na kugonga milango wakidai peremende, kwa hiyo tulifanya kwa vipande vipande. Alisoma mstari mmoja, kengele ikalia, akaenda na bakuli.

"Mchawi mmoja na gari la zimamoto," aliripoti akirudi. "Hii inasema nini?"

"Kwamba nikikubaliwa sitakwenda kwingine."

"Na wewe unataka?"

"Mama alitaka."

"Nimekuuliza wewe."

Kengele. Mifupa mitatu. Aliporudi nilikuwa na jibu.

"Sina mahali pengine ninapotaka."

"Hilo si jibu, mwanangu, lakini nalielewa." Akavuta kompyuta karibu. "Angekuwa ameshavaa ile kofia ya njano saa hizi. Angeshawapigia akina Pell wote wa kwao, mpaka wale wasioongea nasi." Alitembeza ukurasa juu, polepole, mpaka akafika pale. Nilimwona amefika. Yu hai? Ndiyo. Uso wake haukufanya kitu. Kengele ililia, ikalia tena, na watoto wakaanza kuimba kwa pamoja kwamba watatupiga mayai.

Alishusha ukurasa, akatia saini, akachukua bakuli.

Chini kabisa palikuwa na sanduku dogo la kukiri kwamba yote niliyoandika ni kweli. Nikaliwekea alama. Nikatuma.

Majibu yalitoka Desemba kumi na tano, saa moja jioni. Baba aliacha boila ya watu imefunguliwa matumbo akaja na ovaroli. Nilibonyeza, na skrini ikamwaga vikaratasi vya njano, wimbo wa chuo ukalia. Baba alinikumbatia mpaka mgongo ukaalika. Alinuka mafuta ya taa na chuma.

"Umepata!"

"Nimepata."

"Piga kelele basi!"

Nilipiga kelele kidogo ili asihuzunike. Tulikula trei ya mwisho, ya Bi. Duquette, na baba akasema mtu hawezi kusherehekea kwa viazi vya Agosti, akatoka akaleta keki. Nilikula keki. Xiomara alituma neno moja kwenye simu: Hongera. Kwa kawaida yeye hutuma mistari ishirini na picha za mbuzi.

Wiki iliyofuata ikaja barua. Bahasha kubwa, nzito, ya rangi ya maziwa, na kibandiko cha utepe wa njano. Judith Pell Halloran '93. Baba aliiingiza, akaipangusa theluji, akaenda kwenye kaunta, lakini hakuiweka kwenye rundo. Alichukua kisu cha siagi akaifungua. Tangu Agosti hakuwa amefungua hata moja.

Alisoma kwa sauti, amesimama.

"Mpendwa Judith. Hakuna habari inayotufurahisha kuliko mtoto wa mmoja wetu kurudi nyumbani. Winifred amekubaliwa, na tunajua kazi kubwa ilikuwa yako. Tunakusubiri Septemba umlete mwenyewe." Akaisogeza karibu na macho. "Hapa chini mtu ameandika kwa kalamu. Tutakuona kwenye gwaride la miaka thelathini na mitano, safari hii mkiwa wawili."

"Baba."

"Wameandika kwa kalamu, Win. Mtu ameketi akaandika."

Akaibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku ya kampuni ya boila, palipokuwa na orodha ya dawa za mama. Ikakaa pale Krismasi, ikakaa pale mwaka mpya. Kila asubuhi nikifungua friji kuchukua maziwa, mama alikuwa anapongezwa. Baba akipita aliinyoosha kona.

Nilimwazia huyo mtu wa kalamu. Nilimwona anaweka kalamu chini, ameridhika na wema wake, huku mama anangojwa Septemba kwenye ngazi za chuo. Nilianza kuogopa Septemba. Ulikuwa woga mdogo, wa mbali, lakini ndicho kitu cha kwanza kilichonifikia baada ya miezi mitano.

Shule ilipofunguliwa Januari, nilikaa kwenye gari la mama kwenye maegesho, nikapiga simu ofisi ya udahili ya Wexcombe. Nilijua ninachokifanya. Nilikuwa nimetia alama kwamba yote ni kweli, na watu wamenyang'anywa nafasi kwa uongo mdogo kuliko huo. Vyuo vingine vyote nilikuwa nimejifungia mwenyewe kwa saini tatu. Wakiichukua, sina kitu.

"Udahili, Amory anaongea." Sauti ya mwanamke wa makamo, ya upole.

"Naitwa Winifred Halloran. Nilikubaliwa mapema."

"Hongera sana, Winifred!"

"Fomu yangu ina uongo."

"Uongo gani?"

"Imeandikwa mama yangu yu hai. Alikufa Agosti tisa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo. Nilikuwa nimesema amefariki, ametutoka, hayupo, yale maneno yenye mito. Nilisikia vidole vya Bi. Amory kwenye kibodi, halafu vikaacha.

"Tunajua, binti."

"Mnajua?"

"Mwalimu wenu Petrakis aliandika katika barua yake ya mapendekezo. Mstari wa pili. Fomu ikasema hivi, barua ikasema vile. Tulilizungumza mezani, watu watano. Tukaona tusikusumbue."

"Lakini mmemwandikia. Ipo kwenye friji. Mnamngoja Septemba."

"Nani amemwandikia?"

Nikamsomea, nilikuwa naijua kwa moyo. Alishusha pumzi ndefu.

"Hiyo ni ofisi ya wahitimu," alisema. "Wako jengo jingine. Pole sana, Winifred. Pole sana."

Nje ya kioo wanafunzi walikuwa wanarushiana theluji. Nikamwuliza lile ambalo nadhani ndilo nililopigia simu.

"Mlinichukua kwa ajili yake?"

"Tunaangalia mambo mengi. Insha yako, maksi zako..."

"Angekuwa hakusoma kwenu?"

"Hilo siwezi kukujibu." Halafu, kwa sauti ya chini, kama anayefunika mdomo wa simu kwa mkono: "Nisingependa udhani nakuficha. Hakuna mtu hapa anayeweza kulijibu. Unapokuwa mezani hivyo vitu vimeshachanganyika."

"Kuna rafiki yangu ataomba Januari hii. Anajua kipenyo cha kioo cha darubini yenu."

"Tutamsoma vizuri," alisema, na nadhani alimaanisha. "Nafasi ni yako, Winifred. Nirekebishe hapa kwenye fomu? Nitawaambia na wa ofisi ya wahitimu, wasitume tena chochote kwa jina lake. Yaliyokwisha kuchapwa yatakuja wiki chache, halafu basi."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimejiandaa kupoteza chuo, nikakuta ninachoombwa ni kitu kingine. Nilimwona baba na kisu cha siagi.

"Winifred? Nirekebishe?"

"Ndiyo," nilisema.

Sikumwambia baba. Nilisema moyoni: kesho.

Januari zilikuja barua tatu za mama. Februari moja, ya makasia. Machi hakuna. Zilianza kuja zangu, Winifred Halloran '28, kuhusu chanjo na mabweni, na baba aliziweka mezani karibu na sahani yangu, si kwenye kaunta. Theluji ikawa tope. Kila siku saa tisa na nusu, gari la posta lilipopita, kama hakuwa kwenye boila ya mtu, alivaa koti akaenda mpaka sandukuni, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa mpaka nyuma kabisa.

Mwisho wa Machi Xiomara alipata majibu yake. Alikuja mwenyewe nyumbani, mara ya kwanza tangu yale maandazi, akaketi kwenye ngazi za mbele.

"Wexcombe wameniweka orodha ya kungoja," alisema. "Wanasema walisoma kwa furaha kubwa. Chuo cha jimbo wamenipa kila kitu mpaka kitanda. Naenda huko."

"Niliwapigia, Xio. Nikawaambia. Walikuwa wanajua."

Alinitazama viatu, kuona kama navitazama.

"Kwa hiyo ungeingia tu, akiwa hai au maiti."

"Sijui. Wao pia hawajui."

"Ningefurahi kama ungekuwa umeninyang'anya mimi hasa," alisema. "Ningekupiga, tukamaliza. Sasa nimpige nani?" Akacheka, nami nikacheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu na hakukaa kunywa chochote.

Siku nne baadaye baba alirudi kutoka sandukuni na bili ya umeme peke yake. Alisimama mlangoni na buti zake zenye tope, jambo ambalo mama hakuliruhusu.

"Wiki ya sita," alisema. "Hata kadi. Miaka thelathini watu wale hawajapitisha wiki mbili bila kumtafuta. Niwapigie? Pengine posta wanapoteza."

"Posta hawapotezi, baba. Niliwapigia mimi. Januari."

Aliiweka bili kwenye kaunta.

"Ukasema nini?"

"Nikasema amekufa. Agosti tisa."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Wakasema wataacha kutuma. Nilitaka kukwambia kila siku."

Nilingoja anikaripie. Nilitaka anikaripie, nipate pa kushika. Alitazama barua ya friji, kona yake iliyojikunja, na mkono wake ukainuka kuinyoosha, ukarudi.

"Na nafasi yako?"

"Ipo. Walijua tangu mwanzo. Petrakis aliwaandikia kabla sijatuma hata fomu. Walijua wote, baba. Walikuwa wananionea huruma tu."

"Petrakis alijua."

"Mji mzima unajua. Walileta trei."

Baba alicheka kidogo, puani. Akavuta kiti akaketi na koti lake na buti zake, tope likidondoka kwenye sakafu ya mama.

"Kumbe tulikuwa tumebaki mimi na wewe tu tusiojua," alisema.

Hapo ndipo nilipolia. Kilio kilinikuta sijajiandaa, kikawa na kelele mbaya kama ya mtu anayetapika, na baba hakuniambia ninyamaze. Alinyoosha mkono kwenye kaunta akalivuta rundo lote, Agosti mpaka Februari, akalileta mezani. Akachukua ya chini kabisa, akaichana kwa kidole gumba.

"Mpendwa Judith," alisoma. Akakohoa, akaanza upya, na alipomaliza akanisogezea nusu ya rundo.